Vibao Vile Vile, Asubuhi na Usiku

Katika karakana ya fulana nilikoanzia kazi, Kariakoo, kivuli kilikuwa jambo la mwisho na jepesi kuliko yote. Ukishapitisha rangi zako unachukua skrini ya nyeusi, ile fremu ya wavu mwembamba unaopitisha wino pale tu panapotakiwa, unavuta wino mara moja, na hapo uso wa mtu unapata pua, mti unapata shina, mteja anapigiwa simu aje kuchukua mzigo. Kivuli hafifu ni nukta chache, kivuli kizito ni nukta nyingi. Mwanga nao ulikuwa kwenye kopo: wino mweupe, mzito, unaofunika kila kitu hata kitambaa cheusi tii. Kazi ilikwenda, wateja waliridhika, kodi ya fremu ililipwa.

Kilichonitoa kwenye mazoea hayo ni picha moja ya bahari. Nilikuwa Fukuyama, mkoa wa Hiroshima, kwa masomo ya mitambo ya uchapaji, na kituo cha jamii karibu na nilipopanga kilikuwa na darasa la jioni la chapa za mbao, yaani picha zinazochapwa karatasini kwa vibao vilivyochongwa na kupakwa rangi. Wanafunzi wengi walikuwa wastaafu na kina mama wa makamo waliokuja na vitafunwa vyao. Mwalimu, ambaye sote tulimwita Sensei, alikuwa mzee aliyechapa maisha yake yote. Ukutani kwake alibandika kurasa mbili za kalenda ya zamani. Zote mbili zilikuwa na mashua za matanga juu ya maji yaliyotulia. Moja ilijaa mwanga wa njano unaoelekea machungwa, nyingine ilikuwa buluu nzito ya usiku. Nilimuuliza kama mchoraji alirudi mahali pale pale mara mbili. Akajibu bila kuinua macho kwenye kibao chake: "Mbao ni zile zile."

Mwenye picha ni Hiroshi Yoshida, na mwaka ni 1926. Mashua ziko kwenye Bahari ya Ndani ya Seto, ile bahari ya visiwa vingi iliyobanwa katikati ya visiwa vikubwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu. Kutokana na seti moja ya vibao alitoa picha sita: asubuhi, kabla ya adhuhuri, alasiri, ukungu, jioni na usiku. Mlingoti ni ule ule, mikunjo ya tanga ni ile ile, kivuli cha mashua majini kimelala pale pale. Kilichobadilika ni rangi iliyopakwa juu ya kila kibao, na mkono wa mchapaji.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekua nikiyatazama majahazi na ngalawa zikiingia, na mtu yeyote wa pwani anajua kwamba tanga la saa kumi na mbili asubuhi si tanga la saa kumi alasiri, hata kama kitambaa ni kile kile cha amerikani kilichoshonwa viraka. Lakini kulijua jambo kwa macho na kulichapa ni vitu viwili mbali. Kwenye karakana yetu tungetengeneza picha sita, skrini sita sita, na bei mara sita. Nikajiandikisha darasani kesho yake.

Sensei alikuwa na tabia ya kusema kwamba ukitaka kumwelewa Yoshida usianze na mbao, anza na rangi za maji. Na historia inamuunga mkono. Yoshida alizaliwa mwaka 1876 Kurume, kusini mwa Japani, akafunzwa uchoraji wa mtindo wa Magharibi, mafuta na maji. Mwaka 1899 alivuka bahari na rafiki yake hadi Marekani, na pale Detroit picha zao zilinunuliwa vizuri kuliko walivyotarajia. Alikuwa pia mpanda milima, tena wa kweli, wa kulala juu huko akisubiri jua litoke. Mwanawe mmoja alimpa jina la mlima, Hodaka. Kwenye chapa za mbao aliingia kwa uzito akiwa ameshapita miaka arobaini, mwaka 1920, akifanya kazi na mchapishaji Shozaburo Watanabe wa Tokyo. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kuu la Kanto, eneo la Tokyo, likaja na moto wake, na duka la Watanabe likateketea pamoja na vibao na shehena ya picha. Yoshida akasafiri tena Marekani na Ulaya, na aliporudi mwaka 1925 akafungua karakana yake mwenyewe, akaajiri wachongaji na wachapaji, akawasimamia yeye mwenyewe.

Kwa mchoraji wa rangi za maji, nyeupe haimo kwenye sanduku la rangi. Nyeupe ni karatasi. Anayetaka jua juu ya wimbi anaacha pale pasiguswe. Yoshida alikwenda kwenye mbao akiwa na jicho hilo, na mbao za Kijapani zilikuwa tayari kumpokea, kwa sababu rangi zake nazo ni za maji, na nyingi kati yake zinapitisha mwanga.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa anga. Anga tupu, bila ndege wala wingu. Unachukua kibao kilicholainishwa, unakipaka maji kwa brashi pana, kisha unaweka rangi na tone la gundi ya unga wa mchele upande mmoja tu. Halafu unapitisha brashi toka kwenye rangi kuelekea kwenye maji, ukilegeza mkono kadiri unavyokwenda. Rangi inajitafutia njia yenyewe. Unalaza karatasi, unaisugua kwa mgongo wake na bareni, kile kisahani chenye kamba ya mwanzi iliyosokotwa na kuzungushwa ndani, kimefungwa kwa ala la mwanzi. Ukiinua karatasi, buluu inaanza nzito juu, inashuka, inafifia, na mahali fulani inakuwa karatasi. Huwezi kuweka kidole ukasema rangi imeishia hapa. Wajapani wanaiita bokashi, na ndiyo roho ya picha zote hizi za mandhari.

Karatasi yenyewe ni somo. Inatengenezwa kwa nyuzi za gome la mti wa jamii ya mforosadi, inapakwa maji ya gundi ya wanyama na shabu ili isinywe rangi kupita kiasi, halafu inaloweshwa kabla ya kazi. Ikiwa na unyevu sawasawa inalegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni: unaikunja bila kuipasua. Ikikauka kidogo, anga linatoka na mabaka. Ikizidi maji, buluu inakimbia kwenda pasipoitwa. Nilitoka kwenye mitambo inayotoa nakala elfu zinazofanana, na hapa kila karatasi ilidai brashi yake, maji yake, mkono wake. Nakala ya tano na ya sita za anga moja zilikuwa saa mbili tofauti za siku, na sikuwa nimekusudia.

Baada ya anga ndipo nikaruhusiwa kivuli. Bandari ya kale ya Tomonoura iko ndani ya mipaka ya mji wa Fukuyama. Zamani vyombo vilitia nanga pale kusubiri maji, kwa kuwa mikondo ya pande mbili za bahari ile inakutana kwenye eneo hilo. Nahodha wa Pangani angeielewa bandari hiyo bila mkalimani. Nilichora ngazi za mawe zinazoshuka majini na ukuta mweupe wa ghala ukiwa na kivuli cha paa. Nilipofika darasani nikauliza kibao cha nyeusi nikichonge vipi.

Sensei akaniletea chapa moja ya kazini kwake, na kando yake hatua zake zote, karatasi baada ya karatasi. Mahali penye kivuli palichapwa kijivu chepesi, kisha juu yake rangi ya kitu chenyewe, kisha rangi nyingine nyepesi, kisha kijivu kingine kilichotiwa buluu. Hakukuwa na nyeusi popote isipokuwa kwenye mistari michache. Vibao vya kijivu vya namna hiyo vilikuwa silaha mojawapo ya Yoshida. Ndivyo vinavyozipa picha zake kina ambacho chapa za kale hazikukitafuta. Kwa sababu rangi ya juu inapitisha mwanga, kivuli hakikiui kitu. Ukuta uliofunikwa na kivuli unabaki ukuta mweupe, ila umepoa. Tanga lililo upande wa pili wa jua linabaki kitambaa.

Wiki hiyo nilirudi Tomonoura mchana kutazama tu, bila daftari. Kivuli cha paa juu ya ukuta mweupe kilikuwa buluu, chenye zambarau kidogo pembeni. Kivuli cha mashua kwenye maji ya kina kifupi kilikuwa kijani, tena kijani angavu kuliko maji ya pembeni yake, kwa sababu pale ndipo jicho linaona hadi chini badala ya kuona anga likimulika juu ya maji. Tangu hapo sijaona kivuli cheusi tena nje mchana, na nimetafuta. Hata kuta za chokaa za Mji Mkongwe, Unguja, alasiri zina kivuli cha buluu kiasi kwamba mtu akikichapa kama kilivyo ataambiwa ametia chumvi.

Kwa nini basi wakubwa wa zamani hawakufanya hivyo? Nililiuliza hili kwa namna iliyomkera mzee. Kwenye chapa nyingi za enzi ya Edo, ile Japani ya kale iliyokwisha mwaka 1868, watu wanatembea barabarani bila kivuli ardhini. Mvua ipo, theluji ipo, usiku unajulikana kwa taa na mwezi, lakini jua halimwangushii mtu kivuli chake. Sensei akafungua kabati akanionyesha nakala ya picha ya Hiroshige, mmoja wa wakubwa hao, ya mwaka 1856, mtaa wa majumba ya maigizo wa Saruwaka usiku wa mwezi, ambamo kila mtu ana kivuli kilicholala chini kando yake. Akasema Hiroshige alikijua kivuli, na alikitumia siku aliyokihitaji. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1876, Kobayashi Kiyochika alianza kuchapa Tokyo ya taa za gesi na moto, na mwanga wenyewe ukawa ndiyo habari ya picha. Kwa hiyo Yoshida na wenzake wa miaka ya 1920 hawakuvumbua kivuli. Walichofanya ni kukipa saa.

Katika hao wenzake, anayenisumbua zaidi ni Kawase Hasui. Yeye alibaki na Watanabe. Tetemeko lile la 1923 lilimlia vitabu vyake vya michoro ya safari, na baadaye akaingia njiani zaidi ya miezi mitatu, akichora upya nchi yake. Picha yake ya mwezi juu ya Magome, Tokyo, ya mwaka 1930, nimeitazama kuliko picha nyingine yoyote. Misonobari mirefu, mwezi nyuma yake, nyumba chini, na dirisha moja lenye taa. Mwezi ni karatasi. Kinachoufanya uwake ni buluu zilizouzunguka, zilizopandishwa tabaka kwa tabaka, na yale matawi meusi yaliyokatiza mbele yake. Lile dirisha ni kidoa cha njano ambacho ukikipima kwa kidole kinafunikwa chote. Kichwa changu cha fulana kingekiongeza ukubwa mara tatu.

Nilijaribu kuchapa usiku, na usiku ni mgumu kuliko mchana kwa sababu inayoshangaza: unahitaji mwanga mwingi zaidi chini. Ukianza na buluu nzito moja kwa moja, karatasi inafungwa, na picha inakuwa shimo. Unaanza na tabaka nyepesi, wakati mwingine hata yenye joto, waridi hafifu au manjano yaliyochujuka, halafu unashuka taratibu. Buluu ya mwisho ikija inakuta kitu cha kupitishia mwanga. Yoshida aliupenda mchezo huu wa mchana na usiku mpaka akauchukua ugenini. Mwaka 1925 alitoa picha mbili za Sfinksi, ile sanamu kubwa ya kale ya jiwe iliyoko mji wa Giza, Misri, moja ya mchana na moja ya usiku, na mlima Matterhorn wa Uswisi akaufanyia vile vile. Kati ya hizo ninaona Sfinksi wa usiku ana uzito ambao yule wa mchana hana. Mchana ni mnara wa watalii. Usiku ni jiwe lenye umri wake.

Kuna hesabu moja inayonyamazisha mabishano ya wanaosema kazi hizi ni za haraka. Picha ya Yoshida kwa wastani ilipita chini ya bareni mara thelathini hivi. Lango la Yomeimon, la hekalu la Nikko, alilolichapa mwaka 1937, lilipita mara 96. Mara tisini na sita karatasi moja, yenye unyevu, inayotanuka na kusinyaa, inalazwa kwenye alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni mwa kila kibao, na kila mara lazima ikae pale pale. Ikihama unene wa ukucha, mwanga unamwagika ndani ya kivuli na kazi yote ya nyuma inakwenda kuwashia jiko.

Picha halisi za Mashua niliziona baadaye, kwenye maonyesho, katika chumba ambacho mwanzo nilidhani umeme umepungua. Majumba ya makumbusho huziweka chapa za karatasi kwenye mwanga hafifu sana, takriban lux 50, na baada ya muda mfupi huzirudisha kwenye droo zenye giza, kwa kuwa rangi zake zinaliwa na mwanga ule ule unaotuwezesha kuziona. Picha ni kubwa kuliko nilivyozoea, kama sentimita 51 kwa 36. Macho yakishazoea, yanaanza kuona yasiyomo kwenye kalenda: mishipa ya mti wa mcheri ndani ya maji, njia za bareni ndani ya anga, karatasi ilivyobonyea pale kibao kilipobana. Nilichuchumaa nikaitazama ile ya asubuhi kwa ubavu. Njano ya majini haijatulia kabisa. Ina vichirizi vya mlalo vilivyoachwa na mkono, na hivyo ndivyo vinavyofanya maji yaonekane yanapumua. Mtambo ungevisafisha kama kasoro.

Nyumbani sikurudi kuchapa mbao. Mcheri hauoti Kariakoo, na mteja wa mifuko ya kitambaa hangoji karatasi ilowane. Lakini skrini ya nyeusi niliitoa kwenye kazi nyingi. Kivuli sasa nakichanganya kutoka kwenye rangi ya kitu chenyewe, kahawia na buluu kidogo, wino mwepesi unaopitisha rangi ya chini. Wino mweupe nao umebaki kwa fulana nyeusi peke yake. Kwenye kitambaa cha rangi ya asili naacha kitambaa kiwe jua.

Hoteli moja ya pwani iliwahi kutuagiza mifuko yenye jahazi. Kuchoma skrini ni gharama, na kila muundo mpya ni skrini mpya. Nikamwambia mwenye karakana, "Kaka, tuchome seti moja tu, tuchape mara tatu kwa rangi tofauti." Akaniangalia kama niliyerudi na homa ya ng'ambo. Tukachapa: seti ya kwanza kwa njano iliyokufa na samawati, ya pili kwa machungwa na zambarau, ya tatu kwa buluu mbili na doa la njano kwenye shetri. Wateja hawakuambiwa kitu. Waliokuja kuchukua mzigo wakaanza kubishana wenyewe ipi ni alfajiri na ipi ni magharibi, na dereva wa hoteli, mtu wa Bagamoyo, akashikilia kwamba ile ya kwanza si alfajiri bali saa mbili, maana alfajiri bahari haina njano bado. Alikuwa sahihi. Nilipunguza njano kwenye mzigo uliofuata.

Wanaonijua huniuliza siku hizi kuhusu kununua, kwa kuwa chapa hizi zinauzwa mtandaoni kwa bei za kila aina. Sina ujuzi wa dalali, ila kwa Yoshida kuna alama ya kuangaliwa ukingoni: muhuri mdogo wa jizuri, unaoonyesha kwamba uchapaji ulisimamiwa na yeye mwenyewe, na saini ya penseli kwa herufi za Kirumi. Vibao viliendelea kutumiwa na familia baada ya yeye kufariki mwaka 1950, na nakala hizo si bandia, zina heshima yake. Ila weka mbili hizo pamoja, ya wakati wake na ya baadaye, kisha tazama anga linapofifia. Tofauti huwa iko hapo kuliko kwenye mashua.

Na Sensei hatukuwahi kukubaliana juu ya ipi bora kati ya zile sita. Yeye alishikilia ya alasiri, akisema ndiyo saa ambayo mwanga na kivuli vinagawana tanga nusu kwa nusu na hakuna pa kujificha mchapaji asiyejua kazi. Hoja nzito. Lakini mimi niko na ile ya ukungu. Mashua za nyuma zimefifia karibu kupotea, hakuna jua, hakuna kivuli chenye ukingo, rangi ni chache kuliko kwenye picha nyingine zote, na bado ukiitazama unajua jua liko upande gani na limepanda kiasi gani. Nilimwambia hivyo. Akasema ukungu ni rahisi, unapunguza tu rangi. Nikamwomba anichapie. Akacheka, akaniambia nilete kwanza karatasi yenye unyevu sawasawa.